Mguu mmoja majini, mguu mwingine kwenye moramu: kisa cha ukoka wa nyumbani

Nyumbani kwetu Morogoro kuna kipande cha ardhi cha kama hatua kumi na mbili hivi ambacho kimenikalia kichwani mwaka mzima, na leo nataka nikichambue chote maana naamini watu wengi wana kipande kama hiki uani kwao na wanakipita tu kila siku.

Hali iko hivi. Nyuma ya nyumba kuna mwembe wa zamani, na chini yake ndo yanapotokea maji ya bafuni na ya kuoshea vyombo, kwa hiyo udongo pale ni mweusi, umelowa masika na kiangazi, majani ya mwembe yanaozea humo humo, yaani rutuba ya bure, ila jua halifiki kabisa, labda vidoa viwili vitatu vya mwanga saa nane mchana basi. Sasa ukitoka hapo hatua sita tu unaingia njia ya gari, moramu iliyoshindiliwa na matairi miaka na miaka, kivuli hakuna hata cha mwavuli, na kuanzia Juni mpaka Oktoba huoni mvua ya maana. Ukimwaga ndoo ya maji pale yanateleza kama kwenye sakafu. Mbegu haishiki. Kuna siku mbegu za mchicha zilimwagika pale wakati wa mvua, zikachipua vizuri kabisa tukafurahi, mvua ikakata siku chache na mchicha wote ukalala chini ukafa.

Lakini ukoka upo. Katikati ya moramu, mwezi wa nane, jua la kupasua kichwa, ukoka umekaa kijani na vichipukizi vipya juu yake. Mama huwa anaukwangua kwa jembe kila Jumamosi, na Jumamosi moja akanyanyuka akashika kiuno akaniuliza, "Mwanangu, hizi nyasi zinakunywa nini?" Mi sikuwa na jibu. Nikapiga magoti.

Nilichofanya ni kushika kichipukizi kimoja cha katikati ya njia na kuifuata kamba yake taratibu kwa ncha ya kisu bila kuikata. Wanaoujua ukoka wanajua unatambaa kwa kamba ndefu juu ya ardhi, na kwenye kila kifundo kuna jicho linaloweza kutoa majani kwenda juu na mizizi kwenda chini. Nikaifuata, pingili kwa pingili, inapita pembeni ya jiwe, inaingia chini ya vumbi inatoka tena, mpaka nikajikuta nimefika kwenye tope la maji ya bafuni chini ya mwembe. Nikafuata nyingine, nayo ikarudi kule kule. Ile nyasi ya jangwani na ile ya topeni ni mmea mmoja, umekanyaga huku na umekanyaga kule.

Na ukiangalia kwa karibu sehemu hizo mbili huwezi kudhani ni ndugu. Kule kwenye moramu majani ni mafupi, magumu, yamebanana, na ukichokonoa chini ya kifundo unakuta vimizizi viwili vitatu vya urefu wa kidole ambavyo vimegonga jiwe vikaishia hapo. Chini ya mwembe majani ni machache, marefu, membamba, yamepauka, lakini mizizi sasa, mizizi ni mingi mno, meupe, imeshuka kwenye udongo mweusi hadi nikachoka kuifuata.

Hapa nikasimama kidogo, kwa sababu ni kinyume na tulichofundishwa shuleni. Mmea wa kawaida uliosimama peke yake, ukikosa maji unajenga mizizi zaidi ili uyatafute, na ukikosa mwanga unajenga majani na shina zaidi ili uufikie. Yaani unaweka nguvu kwenye kile unachokikosa, na ina mantiki, usipojitafutia nani atakutafutia. Ukoka wangu ulikuwa unafanya kitu kingine. Palipo na maji tele ndo umeweka mizizi, palipo na jua tele ndo umeweka majani, kila sehemu inavuna kile ambacho pale pale kipo kwa wingi afu inapeleka kwa mwenzake. Hii inawezekana kwa sharti moja tu, kwamba ile kamba katikati isikatike.

Kwa hiyo nikaikata. Mwisho wa mwezi wa saba nilichagua kamba nane zinazotoka topeni kuingia njia ya gari, nne nikazikata pale moramu inapoanza, nne nikaziacha, na nikamwomba mama asikwangue kile kipande mpaka nimalize. Najua kamba nane sio utafiti wa chuo kikuu, nilitaka nione kwa macho yangu. Siku nne za kwanza sikuona tofauti. Kufikia wiki ya pili majani ya zile zilizokatwa yalikuwa yamejikunja kwa urefu kama sindano, rangi imekuwa ya kijivu, na kabla mwezi wa nane haujaisha tatu zilikuwa zimekauka kabisa zinavunjika ukizishika. Ya nne ilipona, nikachimba kujua kwa nini, kumbe mzizi wake mmoja ulikuwa umeingia kwenye ufa ambako maji ya kuoshea gari yanakwenda. Zile nne nilizoziacha hazikutikisika.

Nikajaribu na upande wa pili, maana nilitaka kujua kama ule wa kivulini unatoa tu au na wenyewe unapokea. Nikatenga kijipande chini ya mwembe kwa kukata kamba zake zote zinazokwenda juani. Huu haukufa haraka, maji anayo, mbolea anayo, lakini ulikonda. Kila nikienda naona majani yamepungua, yaliyobaki yamekuwa ya njano njano, na kufikia mwezi wa kumi pale palikuwa na udongo mtupu na vikamba viwili. Ukoka ni nyasi ya jua bana, kivuli hauwezi peke yake. Ulikuwa unaishi pale kwa sukari inayotengenezwa kwenye njia ya gari.

Sasa kinachopita ndani ya ile kamba ni nini hasa. Vipo vitu viwili na vinaendeshwa na nguvu tofauti. Maji na chumvichumvi za udongo zinapita kwenye mirija ya maji, na kinachozivuta ni jua lenyewe: majani ya kule kwenye moramu yanapoteza maji kwa mvuke mchana kutwa, yanapopoteza yanavuta, na mvuto huo unafika mpaka kwenye mizizi iliyolowa chini ya mwembe, haihitaji pampu wala amri ya mtu. Jua likiwa kali zaidi mvuto nao unaongezeka. Sukari inapita kwenye mirija mingine, na yenyewe inatoka inapotengenezwa kwa wingi kwenda inapotumika kwa wingi, na mizizi inayokua na vichipukizi vya kivulini ni watumiaji wakubwa. Hakuna ubongo pale unaogawa mafungu. Kila upande una upungufu wake na ule upungufu wenyewe ndo unaovuta.

Kama una migomba tayari unalijua jambo hili, hujaliita tu hivyo. Tunaambiwa kwenye shina la migomba uache watatu, mama, mtoto na mjukuu, na mtu anayejua migomba akichagua chipukizi la kubaki anachagua lile lenye majani membamba kama upanga, sio lile lenye majani mapana mapema. Sababu iko hapo hapo. Chipukizi la majani membamba limeshikamana vizuri na mama, linalishwa, halina haraka ya kufungua majani ya kujipikia, linajenga kwanza kitako chake chini. Lile lenye majani mapana limeshikamana na mama kwa udhaifu, limeanza kujitafutia likiwa bado dogo, na kwa kawaida linakua mmea dhaifu. Wazee wetu walisoma uhusiano huo kwenye umbo la jani bila darubini, na mi hilo nalihesabu ni elimu kamili.

Waliopima mambo haya kwa vipimo wapo wengi na kazi zao zinafanana sana na kipande chetu. Kuna stroberi ya porini inayokaa kwenye vilima vya mchanga pwani ya California, nayo inatambaa kwa kamba. Pale mchanga wa wazi una jua tele ila naitrojeni, yaani ule mbolea wa kukuzia majani, ni kidogo mno, na chini ya vichaka vya jamii ya kunde naitrojeni ipo maana bakteria wa kwenye mizizi ya vichaka hivyo wanainasa kutoka hewani, ila kivuli. Ni mwembe na moramu tena kwa sura nyingine. Mwaka 1991 Dana Friedman na Peter Alpert walichapisha majaribio ambapo mche mmoja wa stroberi aliwekwa kwenye mwanga bila naitrojeni na mwenzake kwenye naitrojeni bila mwanga, wengine kamba imeachwa wengine imekatwa, na walioachwa wameungana walikua zaidi. Lakini kuna kipengele walichokigusa ambacho watu hukiruka: faida hiyo ilionekana pale tu ambapo kila upande ulikuwa tajiri kweli wa kitu chake. Kama huyu ana mwanga kidogo tu na yule ana naitrojeni kidogo tu hakuna cha kubadilishana, maskini wawili wakiungana kwa kamba wanabaki maskini wawili.

Afu mwaka 1996 Josef Stuefer na wenzake wa Uholanzi wakafanya na klova nyeupe, mmea wa malisho unaotambaa, ule wenye majani matatu matatu, na hapo ndo ilipoonekana wazi ile kinyume niliyoiona kwenye ukoka: upande uliopewa maji na kivuli ukajenga mizizi zaidi, upande uliopewa jua na ukame ukajenga majani zaidi, kila mmoja akabobea kwenye kilicho tele kwake. Na mmea mzima uliokaa kwenye mazingira yasiyo sawa ukazaa uzito mkubwa kuliko uliopewa hali moja kote. Hilo lilinishangaza zaidi ya yote. Sisi tunaona ardhi yenye mabaka, huku pabichi huku pakavu, tunasema shamba baya, kumbe kwa mmea unaotambaa mabaka ndo biashara yenyewe, kama mtu wa mwambao mwenye chumvi na mtu wa bara mwenye mtama, wakiwa na kitu kile kile wote hawana sababu ya kukutana njiani.

Kuna na suala la kutafuta. Kamba haijui mbele kuna nini, inatupwa tu, ila inavyokua inasoma. Waingereza wawili, Slade na Hutchings, mwaka 1987 walionyesha kwa mmea mmoja mdogo unaotambaa kwamba ukikuta udongo maskini pingili zinarefuka na matawi yanapungua, yaani unapita haraka, na ukikuta udongo tajiri pingili zinafupika na matawi yanaongezeka, yaani unakaa hapo unakula. Ukoka wenyewe ulipimwa na Dong Ming na Hans de Kroon, kazi yao ilitoka 1994, wakatofautisha kamba za juu na mashina yake ya chini ya udongo: za juu ndo zinazohangaika kutafuta, za chini zaidi ni ghala na akiba ya macho ya kuchipua. Nilipochimba pale topeni nilikuta hizo za chini, nene, nyeupe, zenye ncha kali kama msumari, na hapo ndo nikaelewa kwa nini mama anakwangua juu kila Jumamosi na Jumamosi inayofuata yuko pale pale.

Maana jembe lina tabu yake. Mmea ukiwa mzima, ile ncha ya mbele ya kamba inatoa homoni inayoyazuia macho ya nyuma yasichipue yote kwa pamoja. Ukiikata ile ncha kizuizi kinaondoka, na macho yaliyokuwa yamelala yanaamka. Kwa hiyo ukilima ukoka wakati wa mvua unakata kamba moja vipande kumi, kila kipande kina vifundo, kila kifundo kina jicho lililoachiwa na udongo umelowa, umejipandia mwenyewe. Kwenye mashamba ya mahindi watu wanapata shida hiyo hiyo na sangari, nyasi nyingine inayotambaa chini ya udongo. Ukikata kipande kile kile kiangazi juu ya ardhi ya moto, kikakosa maji ya mwenzake, kinakauka kama zile tatu zangu. Kitendo ni kimoja, jembe ni lile lile, msimu ndo unaoamua kama unaua au unazalisha, na naona hili lingeelezwa zaidi kwa wakulima kuliko ilivyo sasa, watu wanavunjika migongo mwezi wa tatu kwa kazi ambayo ingewasaidia mwezi wa nane.

Na dawa ni hivyo hivyo. Zile dawa za kuua magugu zinazosafiri ndani ya mmea, kama glaifoseti, zinapanda gari la sukari, zinatoka kwenye jani zinakwenda kule sukari inakokwenda. Ukipulizia ukoka uliokauka kwa kiangazi, sukari haitembei na dawa nayo haitembei, umechoma majani tu. Ukikwangua kwanza afu ukapulizia vipande, ndo kabisa, umekata barabara halafu unatuma mzigo. Jirani yetu alifanya hivyo mwaka juzi, akalaumu duka kwamba wamemuuzia dawa feki, na inawezekana dawa ilikuwa nzima tu.

Hapo hapo ndo unaona kuungana kuna hasara yake. Kamba ile ile inayoleta maji inaweza kupitisha sumu, inaweza kupitisha ugonjwa kutoka mche mmoja kwenda mwingine, na kuijenga yenyewe kunagharimu. Kama hali ni sawa kote, huku na huku kuna maji na jua, faida ya kushikamana inapungua sana na iko mimea ambayo kamba zake huoza zenyewe baada ya muda mfupi kila mtoto akajitegemea. Gugumaji la Ziwa Viktoria ni mfano, lina watoto wanaokatika kirahisi na kuelea na upepo, na limeenea dunia nzima kwa kujikata hivyo, sehemu kubwa likiwa la kloni moja, yaani vipande vya mmea ule ule mmoja wenye jeni zile zile. Kwa hiyo nisieleweke vibaya kwamba kila kinachotambaa kinagawana vizuri.

Kitu kingine ambacho naona kinachanganywa mno ni ukubwa. Kule Shark Bay, Australia Magharibi, mwaka 2022 Jane Edgeloe, Elizabeth Sinclair na wenzao walitangaza kwamba majani bahari yaliyotapakaa kilomita 180 ni kloni moja, imetoka mbegu moja, na makadirio yao ni kwamba ina miaka isiyopungua 4,500. Na ghuba ile haina usawa hata kidogo, sehemu nyingine maji yana chumvi ya bahari ya kawaida na nyingine inafika karibu mara mbili, joto linacheza kati ya nyuzi 17 na 30. Mtu akisoma hiyo anaweza kudhani upande wa maji matamu zaidi unaulisha upande wa chumvi kali kama mwembe wangu unavyolisha moramu. Hapana. Hakuna sukari inayosafiri kilomita 180 ndani ya kamba, na katika miaka elfu kadhaa kamba hizo zimeshakatika sehemu nyingi. Kugawana ni jambo la hatua chache. Kwenye umbali ule kinachofanya kazi ni kingine, kwamba jeni zile zile zinaweza kuvaa umbo tofauti kulingana na mahali, na tena kloni ile imebeba jeni zote za wazazi wawili badala ya nusu nusu, jambo ambalo watafiti wanaona huenda ndo limeipa uvumilivu. Ukoka wetu unatumia njia zote mbili kwa pamoja, unabadilika umbo kila mahali na unagawana jirani kwa jirani, na kipimo changu cha kisu kimeonyesha ile ya kugawana tu.

Basi tukarudi kwenye njia ya gari. Nilimweleza mama kwamba nyasi zake zinakunywa maji ya bafuni. Akanyamaza kidogo afu akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nakata vidole, mwili uko bafuni." Hivyo ndivyo ilivyo. Mwezi wa tisa, ardhi ikiwa kavu, tulichimba mtaro mwembamba kwenye mpaka wa tope na moramu, kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko, tukakata kila kamba ya juu na kila shina la chini tulilolikuta, tukasimamisha matofali ya kuchoma mle ndani bega kwa bega, vipande vyote tukavianika kwenye bati mpaka vikawa vinalia vikikanyagwa. Upande wa mwembe hatukuugusa, mama anautaka, unashika udongo maji yasichimbe. Moramu ikawa tupu kwa mara ya kwanza tangu niwe na akili.

Mvua za masika zilipoanza nikaenda kuangalia. Upande wa mwembe ukoka ulikuwa mwembamba kuliko zamani, hauna tena sukari ya njia ya gari, na ulikuwa umeanza kuhamia pembeni kule mwanga unakopita kati ya matawi. Na juu ya tofali la tatu kutoka ukutani kulikuwa na kamba moja, nyekundu nyekundu kwa ugeni, pingili ndefu, haina tawi hata moja, imeshatoka kiganja kizima upande wa moramu na bado haijatia mzizi. Nilimwita mama aje aione kabla hajaikata.